Kabati Lililovikwa Joho

Hapo zamani, enzi ambazo mjinga bado alijua kunyamaza, palikuwa na chuo kikuu katika mji wa Mwalani. Babu yake Sultani Zaharani alikijenga kwa mali ya umma, akawaachia walimu wakiendeshe. Kila mkuu wa chuo alipofariki, walimu walikaa barazani, kila mmoja akavua kilemba chake akakiweka mbele ya yule amtakaye, na mwenye vilemba vingi ndiye mkuu. Akaja baba yake Zaharani, akasema chagueni, ila jina niletewe nilithibitishe. Basi alipotawala Zaharani mwenyewe, akaona hata hilo ni usumbufu. Akawatoa walimu barazani, akawaweka mashemeji zake watatu: msimamizi wa farasi, mwuza karafuu na kinyozi wa kasri. Kinyozi, jamani! Wakawa ndio wanaoamua vitabu vya kusomwa, nao kitabu wakikishika hawajui juu wala chini.

Ikawa mkuu amefariki. Sultani akawaita walimu akatoa amri: "Nataka mkuu aliye na vitabu vyote vya chuo ndani yake, naye asinipinge hata kwa neno moja. Mkimkosa kwa siku tatu, chuo nakifanya zizi la farasi."

Walimu wakashika vichwa, maana aliyesoma hata nusu ya vitabu vile asingeacha kumpinga Zaharani kila kukicha. Lakini aliyeumia zaidi ni Vuai, mfagiaji, fukara asiye na kanzu ya pili. Miaka ishirini alikuwa akifagia polepole chini ya madirisha ili asikilize darsa, na hiyo ndiyo raha pekee aliyokuwa nayo duniani. Zizi halina darsa. Roho ikamchoma hadi hasira zikampanda, akawaambia walimu watulie, mkuu atamleta yeye.

Siku ya tatu Vuai akaingia barazani na wachukuzi wanne, wamebeba kabati kubwa la vitabu lililovikwa joho. Likawekwa mbele ya Sultani. Vuai akainama akasema huyu ndiye, vitabu vyote vimo ndani yake, na tangu azaliwe hajampinga mtu.

Sultani akatabasamu. Mashemeji, ambao kazi yao ilikuwa kuutazama uso wake, wakadhani amependezwa. Weee! Kinyozi akawahi kuvua kilemba akakiweka mbele ya kabati, mwuza karafuu akafuata, na msimamizi wa farasi akaweka chake, akaongeza kwamba mkuu mpya ana haiba.

Sultani akacheka hata machozi yakamtoka. Kisha akawatazama mashemeji zake, vichwa wazi mbele ya mbao, na kicheko kikakatika.

"Ewe Vuai," akasema, "hawa na kabati hili wana tofauti gani?"

"Ee Bwana wangu, kabati lina vitabu ndani."

Uso wa Sultani ukasawijika kwa aibu. Akamwamuru karani aandike kwamba tangu siku ile walimu watachagua mkuu wao wenyewe, wala kasri lisitie mkono. Vuai akaulizwa anataka tunzo gani, akaomba akae ndani ya darasa, akapewa nafasi safu ya mbele. Mashemeji wakatoka wakigombana, kila mmoja akiapa kwamba mwenzake ndiye aliyeanza.