Mdomo Uliobaki Bila Sauti

Hapo zamani, Uhispania ilipotawaliwa na jenerali aliyeogopa hata filamu, palikuwa na mwongozaji wa filamu aitwaye Baltasar. Chochote alichokiandika, sharti kisomwe kwanza na mkaguzi wa serikali, Bwana Higinio, mwenye kalamu nyekundu.

Baltasar akaandika polisi mwizi. Higinio akasema, "Futa." Akafuta.

Akaandika padri mlevi. "Futa." Akafuta.

Akaandika mbwa aliyelala chini ya picha ya jenerali. "Futa."

"Hata mbwa, Bwana Mkaguzi?"

"Hasa mbwa. Kwa nini amelala?"

Akafuta. Miaka kumi na miwili ikapita hivyo, futa, akafuta, mpaka mkewe akamwambia, "Baba watoto, si uuze vitunguu tu? Vitunguu havikaguliwi."

Mwishowe akaandika kisa cha mama anayemsubiri mwanawe stesheni. Treni inafika, mwana hayumo, mama anasema, "Labda kesho." Higinio akatafuta kosa, akalikosa, akapiga muhuri kwa hasira.

Mama huyo aliigizwa na Eulalia. Naye Eulalia alikuwa na mwana wa kumzaa, Fermín, aliyekimbilia Ufaransa kwa kumpinga jenerali. Siku ya kupiga picha, treni ilipofika, hakusema "Labda kesho." Alilia, "Fermín, mwanangu, walikufukuza, rudi!" Baltasar akaliacha tukio hivyo hivyo.

Higinio alipoitazama filamu akaruka kitini. "Futa sauti! Na mwanamke huyu asiigize tena nchi hii!"

Baltasar akachoka kabisa. Akamwambia Remedios, mhariri wake, anayekata na kuunganisha filamu, "Kata tukio lote. Weka picha ya saa ya stesheni, yaishe."

"Mkaguzi ameagiza sauti ifutwe," akasema Remedios. "Mdomo hakuutaja."

Akafuta sauti, akauacha mdomo ukisema.

Ukumbini, mdomo ukasema na sauti haikutoka. Kila mwenye ndugu aliyepotea akasikia jina la ndugu yake. Watu wakalia mpaka taa zikawashwa.

Tamasha moja la filamu huko Ufaransa likaleta barua: "Tuzo ni ya aliyelifanya tukio lile la kimya. Mmoja tu, aje aipokee." Serikali, kwa kupenda sifa, ikatoa pasipoti moja.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Baltasar akasema, "Filamu ni yangu. Nimefutwa miaka kumi na miwili. Niacheni niende nikatengeneze moja isiyofutwa, kabla sijafa."

"Wewe uliyetaka kuweka saa?" akasema Remedios. "Filamu tisa nimekuunganishia, jina langu halijaonekana hata kwenye moja. Usinichoshe."

Eulalia akasema, "Kilio ni changu, na kwa kilio hicho nimenyimwa kazi. Na mwanangu yuko huko. Mnanibishia nini?"

Mara Higinio akaingia, hana hata haya. "Sauti aliifuta nani? Mngeachiwa ninyi, ingekuwa filamu ya mwanamke anayepiga kelele. Kimya ni changu."

"Toka, mzee!" wakamzomea.

Basi pasipoti iko mezani, mahali pa jina pako wazi, na treni ya Ufaransa inaondoka kesho asubuhi. Msiniambie wagawane, nimeshalisikia hilo; pasipoti haigawanyiki. Wala msiseme "wote wanastahili" halafu mkanyamaza. Kalamu hii hapa. Je, tuandike jina la nani?