Mfunga Uzi na Mpiga Mbiu

Mfunga uzi si mchawi, kinu si kaburi.

Nimesema hivyo nikifumua sweta la Lusajo linalombana makwapani, naye ameng'ang'ania mkono mmoja wa sweta hataki kuuachia. Dada yake, Atupele, ananiuliza methali hiyo nimeitoa wapi, maana shuleni hawajafundishwa. Haya, sogeeni motoni, nisimulie huku mikono ikiendelea na kazi. Methali hii ilizaliwa ndani ya mwili wa mtu, katika mji mdogo usioonekana kwa macho, uitwao seli. Mama yenu ndiye aliyenieleza habari za mji huo, kwa kuwa ndiyo kazi yake kule maabara. Majina ya watu nimeyatoa mimi.

Watu wa mji ule ni protini. Kila mmoja ni shanga zilizotungwa na kukunjwa mpaka zikapata umbo, na kila mmoja ana kazi yake. Wapo mabawabu wanaoingiza sukari, wapo wapagazi, wapo wajenzi. Na alikuwapo Bwana Mashaka, mpiga mbiu. Mbiu yake ikilia, mji mzima hujiandaa kugawanyika, mmoja uwe miwili. Kazi hiyo ni kubwa, lakini ina siku yake. Siku ikipita mpiga mbiu hana budi kuondoka, la sivyo mji utagawanyika ovyo mpaka mwenye mwili aote uvimbe.

Wa kumwondoa alikuwa Bi Sikujua, mfunga uzi. Uzi wake ulikuwa mfupi, hauna makuu. Wataalamu wanauita yubikwitini, yaani kitu kilichopo kila mahali, kwa sababu hakuna mtaa wa mji ule usio nao. Akikufunga uzi mmoja begani, umetumwa: toka hapa, nenda kule. Akifunga uzi juu ya uzi mpaka ukaning'inia kama mkia, umeitwa kinuni, kunakosagwa waliomaliza kazi. Tena uzi huo una ndugu zake wanaofanana nao, na kila ndugu ana ujumbe wake. Lakini watu hawakutaka kujua tofauti. Wakimwona Bi Sikujua anakuja, wanafunga milango.

"Mchawi huyo," walinong'onezana. "Akikugusa, hurudi."

Mwenzake kazini alikuwa Mzee Rehani, mfungua uzi. Yeye alikuwa msahihishaji. Mtu akifungwa kwa bahati mbaya hali bado anahitajika, Mzee Rehani alimfungua. Alikuwa mtu mwema. Akimkuta aliyefungwa analia, alimfuta machozi kwanza, maswali baadaye. Wema huo nausifu mpaka leo, ingawa ndio uliotaka kuuangusha mji.

Basi mji uligawanyika salama, na Bi Sikujua akaenda akamfunga Mashaka. Akaitwa mtaa mwingine. Kabla hajafika, akasikia mbiu. Akarudi, akamfunga upya, akageuka kuondoka. Mbiu tena. Akamfuata Mzee Rehani alipokuwa amekaa.

"Nani amemfungua Mashaka?"

"Mimi, dada."

"Na mara ile ya kwanza?"

"Sasa unauliza nini, na jibu unalo?"

Bi Sikujua akajitupa chini. "Nafunga, unafungua. Nafunga, unafungua. Kaka Rehani, tunatunza mji au tunacheza kamba?"

"Analia, dada. Anasema pumzi bado anayo."

"Nani amesema hana? Angekuwa hana pumzi mimi ningelala usingizi. Taabu yangu ni hiyo pumzi yake."

"Mbona yule bawabu wa sukari ulimfunga, na hakwenda kinuni?"

"Nilimfunga uzi mmoja, kaka. Mmoja! Nilimtuma aingie ndani apumzike. Nimekueleza mpaka ulimi umeota sugu."

Hapo akaja mjenzi, mikono mitupu, uso umemkunjamana. "Afadhali nimewakuta pamoja. Yule bawabu amechakaa, na mlango wa sukari hauna mtu. Nataka kutunga bawabu mpya, shanga sina. Mzee Rehani, kila uliyemwonea huruma anazurura mjini na shanga za bawabu wangu."

Kabla mzee hajajibu, mbiu ikalia. Kuta za mji zikatetemeka, zikaanza kujibana katikati. Mji ulitaka kugawanyika tena, na sukari iliyobaki ghalani ilikuwa ya kulamba tu. Miji miwili yenye njaa, badala ya mmoja.

"Lakini kinuni mtu anakufa," Mzee Rehani alisema polepole.

"Umewahi kufika?"

"Sijawahi. Naogopa."

Bi Sikujua akasimama. "Siku zote hizi tunakula sahani moja, kumbe na wewe moyoni unaniita mchawi. Inuka. Na huyo Mashaka wako tumpitie."

Wakamkuta Mashaka, wakamchukua, mbiu yake kwapani, mjenzi akiwafuata. Kinu cha mji ule ni kirefu kama pipa, na mdomo wake ni mwembamba. Walipofika alikuwa akiingia mpagazi mmoja aliyekunjamana vibaya, hawezi tena kubeba. Walinzi wa mdomoni walimfungua nyuzi zake taratibu, wakamrudishia Bi Sikujua mkononi, maana uzi hausagwi. Kisha wakamnyoosha yule mpagazi, akaingia. Upande wa pili zikatoka shanga. Mjenzi akazikinga kwa nguo kabla hazijagusa chini, akaketi pale pale, akaanza kumtunga bawabu.

Mzee Rehani akaokota ushanga mmoja. Ulikuwa mzima, hauna hata ufa.

Mashaka aliutazama ule ushanga. Mwishowe akauliza, "Mbiu yangu atapiga nani?"

"Siku yake ikifika, atatungwa mpiga mbiu mwingine," alisema Bi Sikujua. "Huenda shanga nyingine zikawa zako."

"Na kama hajui kupiga?"

"Wewe ulipokuja, ulikuwa unajua?"

Mashaka akacheka kidogo. "Niliwapasua watu masikio." Akaiweka mbiu chini, akageuza bega.

Bi Sikujua akafunga uzi juu ya uzi. Mikono ya Mzee Rehani ilinyanyuka kwa mazoea ya kufungua, ikasita. Kisha akaushika ule mkia wa uzi usiburuzike, akamsindikiza Mashaka mpaka mdomoni mwa kinu. Nawaambia, wema wake haukupotea. Ulipata kazi yake.

Kuta zikaacha kujibana. Bawabu mpya akasimama mlangoni, sukari ikaingia. Bi Sikujua aliporudi mitaani na nyuzi zake zile zile, jirani mmoja akajifungia ndani. Mzee Rehani mwenyewe ndiye aliyegonga mlango, akasema maneno ambayo mji uliyashika.

Lusajo, naona mkono wa sweta umeuachia. Lete. Uzi huu, kabla haujawa sweta lako, ulikuwa shali niliyombebea mama yako. Naye siku niliyoifumua alilia kuliko wewe. Atupele, shika donge hili nianze mshono wa kwanza, na nyote wawili mkumbuke alichosema mzee yule pale mlangoni: mfunga uzi si mchawi, kinu si kaburi.