Tonge la Kasanda

“Asiyekula kwa mwenyeji hana mwenyeji.” Mmelisikia neno hilo leo harusini, shangazi yenu akimtania yule mjomba aliyesusa pilau, mkacheka bila kujua mnachekea nini. Methali hii ilianza hivi.

Alikuwapo mtemi mmoja, Kasanda, aliyewaalika karamuni wazee watatu waliompinga, akawatilia sumu kwenye mboga ya mlenda, kisha akakaa akiwatazama wanakula. Watu wake walipojua, wakamvua utemi. Akakimbilia nchi jirani kwa Mtemi Mhoja. Simpendi huyu Kasanda, nawaambia mapema.

Kwa Mhoja kulikuwa na desturi: mkimbizi akishakula chungu kimoja na wenyeji, hatolewi, hata awe nani. Kasanda aliijua, na ndiyo iliyomleta.

Nyamizi, mke wa Mhoja, akampakulia ugali na mlenda. Kasanda akasema tumbo linamuuma. Kesho yake akasema amefunga. Kumbe anatafuna karanga zake nyuma ya ghala! Nyamizi akaonja mbele yake, Kasanda akajisemea, “Huyu amekunywa dawa ya kuzuia sumu kwanza.” Watu wakicheka uani, roho yake juu.

Siku ya saba wajumbe wa kwao wakaja kumdai akahukumiwe.

“Mimi ni mgeni wako, Mtemi,” Kasanda akalia. “Usinitoe!”

Mhoja akamgeukia mkewe. “Mama, amekula nini kwako?”

“Hajagusa kitu, baba.”

“Leteni!” Kasanda akapiga kelele. “Nitakula sasa hivi!”

Mhoja akaridhia. Nyamizi akaleta chungu mbio, maana alimhurumia. Kasanda akamega tonge, akachovya, akalifikisha mdomoni. Hapo akainua macho. Mhoja anamtazama, wajumbe wanamtazama. Akalishusha tonge kidogo.

“Nani kapika?”

“Mimi, baba. Kula, watakuchukua!”

“Kwa nini unanihimiza?”

Tonge likaanguka.

Mhoja akawaambia wajumbe, “Mchukueni. Huku hana mtu.”

Wakamfunga mikono, wakaondoka naye kwenda kwenye hukumu ya kifo. Nyamizi akaketi penye chungu kile, akala mlenda wake huku machozi yanamtoka. Majirani walipomuuliza imekuwaje mgeni wake akatolewa, akawajibu: “Asiyekula kwa mwenyeji hana mwenyeji.”