Kengele ya Nyamizi na Maji ya Baraka

Paukwa!

Pakawa!

Moto nimewasha, vukuteni.

Tunavukuta, mimina!

Basi sogeeni, ila msisogee mno. Ngano hii ina moto wa kweli ndani yake, na atakayeungua nguo asije kunidai mimi.

Hapo kale, kale ya kale, palikuwa na kijiji kilichokuwa na vitu viwili: kengele ya shaba iliyoyeyushwa na kusubiwa na mababu, na Zimwi. Kengele ilikuwepo kwa sababu ya Zimwi. Zimwi la huko halikuwa na adabu ya kungoja giza. Lilikuja jua la utosi, watu wamekaa wanakula, likammeza mtu mzimamzima kama tonge la ugali. Lakini likisikia kengele masikio yaliliwasha, likakimbia huku linajikuna.

Siku moja kengele ikapasuka. Ilikuwa imezeeka, na vya kale huchoka.

Siku hiyohiyo Zimwi likaja, likammeza Nkwabi mhunzi na nyundo yake mkononi. Likacheua, likasema, "Siku ya tatu narudi kwenye mlango huuhuu. Nimeona kuna binti."

Aliyesikia maneno hayo ni Nyamizi, mke wa Nkwabi. Na binti mwenyewe ni Kalunde, mwanawe wa pekee.

Nyamizi akalia. Alilia sana, tusimfanye jiwe. Kisha akajifuta kwa upindo wa kaniki, akafikiri. Yeye alikuwa mfinyanzi: mumewe alipiga majembe, yeye alifinyanga vyungu. Mara nyingi alimwona mumewe akiyeyusha shaba kidogo pale uani, akiimimina kwenye kalibu ya udongo na kutoa pete. Akajisemea kwamba kengele nayo ni pete tu, ila imeshiba.

Akaenda kwenye kichuguu, maana udongo wa mchwa haupasuki motoni. Akapiga hodi. Malkia wa mchwa akaitika kutoka chini, akauliza shida yake, akaambiwa.

"Chota," akasema Malkia, "ila mlango wetu usiuvunje."

Nyamizi akachota, mlango akauacha. Akafinyanga chungu kidogo kinene cha kuyeyushia. Akajenga tanuri uani, kimo cha kifua. Akaunda kengele ya nta, akaivika udongo, akaitia motoni. Nta ikayeyuka ikatoka, pakabaki uwazi wenye sura ya kengele. Hiyo ndiyo kalibu. Vipande vya kengele ya zamani akavitia chunguni, chungu akakizamisha katikati ya makaa, na Kalunde akashika mvukuto wa kupulizia moto, mama yake akiimba:

Vukuta mwanangu, vukuta,
jiwe litakuwa uji,
uji utakuwa sauti.

Kalunde akavukuta. Shaba ikawa nyekundu. Akavukuta. Ikawa ya manjano. Akavukuta. Ikalegea, ikang'aa, ikawa uji! Kijiji kizima kilikuwa kimejaa uani, watu wanarukaruka kwa furaha.

Sasa watu wa huko walikuwa na desturi yao. Jembe halikutoka kwa mhunzi bila kutemewa maji ya baraka. Mzee hujaza maji kinywani, hulipulizia jembe, phuu, na jembe hupata kulima. Desturi nzuri, na hakuna jembe lililowahi kulalamika. Mwenye kazi hiyo alikuwa Mzee Kashindye, baba mdogo wa Nkwabi. Kengele hakuna aliyewahi kuiona ikisubiwa, hata yeye, lakini mzee hakosi neno. Akaiona kalibu imekaa mdomo wazi, akajaza maji kinywani, akapuliza ndani. Phuu.

Nyamizi akamimina.

Tuu! Kalibu ikapasuka, shaba ikaruka matone matone, watu wakalala kifudifudi. Hakufa mtu, ila ndevu za Mzee Kashindye za upande wa kushoto ziliaga dunia.

Siku ya pili Nyamizi akaokota matone mchangani, akaunda kalibu nyingine, akawasha upya. Watu wakaanza kunong'ona kwamba mwanamke hakai kwenye tanuri. Mzee Kashindye akawakatalia, akasema mwanamke hana kosa, ni baraka ndiyo haikutosha. Akaita wazee wawili wamsaidie.

Vukuta mwanangu, vukuta,
jiwe litakuwa uji,
uji utakuwa sauti.

Shaba ikaiva. Wazee wakainama juu ya kalibu. Phuu, phuu, phuu. Nyamizi akamimina.

Tuu! Tuu! Tuu! Ndevu za upande wa kulia nazo zikawafuata wenzao.

Jioni Nyamizi akarudi kichuguuni kuchota udongo mwingine.

"Mama," akauliza Malkia wa mchwa, "nyumba yetu hii tumeijenga kwa nini?"

"Kwa udongo."

"Na kwa mate. Sisi ni watu wa mate kuliko wazee wenu wote. Lakini yai hatuliweki ndani mpaka mate yamekauka. Sasa niambie, maji na moto wakikutana katika nyumba isiyo na dirisha, atakaa nani?"

Nyamizi akashika mdomo. Akaelewa. Akarudi mbio, akaunda kalibu ya tatu, akaizungushia makaa ikauke mpaka ndani kabisa.

Lakini kuelewa ni jambo moja, na Mzee Kashindye ni jambo jingine. Alikuwa baba mkwe wake, na kwao aliyekataa maji ya baraka mbele za watu aliondoka kijijini siku hiyohiyo na mkeka wake kichwani. Akikubali, kengele inapasuka na Kalunde analiwa. Akikataa, anafukuzwa kabla kengele haijalia, na Kalunde analiwa vilevile.

Siku ya tatu jua likapanda. Shaba ilikuwa imepungua, matone mengine yalipotelea majanini. Nyamizi akavua bangili zake, akazitia chunguni. Wanawake waliokuwa wakinong'ona wakamtazama, wakatazamana, nao wakavua zao.

Vukuta mwanangu, vukuta.

Ardhi ikatetemeka: Zimwi liko mtoni.

Vukuta mwanangu, vukuta.

Ikatetemeka: Zimwi liko mashambani.

Vukuta mwanangu, vukuta.

Ikatetemeka: Zimwi liko nyuma ya ua, linapumua. Kalunde akautazama ua, lakini mvukuto hakuuacha.

Shaba imeiva. Nyamizi amekamata chungu kwa koleo. Mara huyo anakuja Mzee Kashindye, kidevu kinang'aa. Safari hii alikuwa amemimina nusu kibuyu kinywani, mashavu yamemvimba kama ya chura.

Nyamizi akapiga magoti, koleo mkononi.

"Baba," akasema, "nina swali moja tu. Kwetu sisi mtoto hutemewa maji akiwa tumboni, au akishazaliwa?"

Jamani, mzee alipatikana. Kwao mkwe akiuliza kwa magoti, mzee hana ruhusa ya kunyamaza. Na kinywa kimejaa. Akatazama kushoto, watu wanangoja. Akatazama kulia, watu wanangoja. Akatazama mbele, mkono wa Zimwi unapita juu ya ua. Mzee Kashindye akafumba macho, akameza baraka yote, gulu, gulu, gulu.

"Akishazaliwa," akasema kwa heshima zake zote. "Tumboni si utamzamisha?"

"Ahsante, baba. Basi huyu wetu hajazaliwa."

Na kabla mzee hajafikia kibuyu, Nyamizi akamimina. Watu wote wakalala kifudifudi, maana walishazoea.

Kimya. Kalibu ilikuwa inakunywa shaba taratibu, mpaka ikajaa.

Zimwi likavunja ua, likamshika Kalunde mkono. Nyamizi alikuwa anahesabu pumzi, kwa sababu shaba lazima igande. Akahesabu kumi. Zimwi likamwinua binti. Akahesabu kumi nyingine. Zimwi likafumbua kinywa. Nyamizi akaipasua kalibu kwa mchi wa kutwangia, na ndani mlikuwa na kengele nzima, nyekundu kama embe lililoiva. Akainyanyua kwa koleo.

"Imezaliwa, baba!"

Mzee Kashindye akajaza kinywa, akapuliza kwa nguvu zake zote. Chwaaa, mvuke ukapaa. Nyamizi akaipiga kwa mchi.

Ng'ooo!

Zimwi likamwachia Kalunde, likashika masikio. Ng'ooo! Likajikuna, likajibiringisha, likashikwa na kwikwi. Ng'ooo! Kwikwi ikawa kichefuchefu, na hapo likatapika kila lilichomeza. Akatoka bibi na mwiko wake, akatoka mchungaji na mbuzi wake, mwisho akatoka Nkwabi na nyundo yake mkononi. Zimwi likakimbia, na mpaka leo halijapata dawa ya masikio.

Nyamizi akalia mara ya pili, na safari hii hakujifuta. Nkwabi akawakumbatia wote wawili. Kisha, mhunzi ni mhunzi, akaiinamia kengele, akaizunguka, akakuna kichwa.

"Nani amesubu hii?" akauliza. "Hapa pembeni pana kovu."

Nyamizi akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. Akamwelekeza kwenye mvukuto.

"Kaa hapo uvukute, mume wangu," akasema. "Ya pili haitakuwa nalo."

Na Nkwabi akakaa, akavukuta.

Basi, wanangu, baraka ni njema, lakini ina saa yake. Isipongoja saa yake hupasua hata kile inachokibariki. Na mkubwa akikosea usimvunjie heshima. Mpe swali, ajibu mwenyewe.

Ngano yangu imepoa, imetoka kalibuni. Ikilia vizuri, ni ya sisi sote. Ikiwa na ufa, nirudishieni mwenyewe niiyeyushe. Na mkimwona Mzee Kashindye hana ndevu, msimwulize kitu: huenda kinywa kimejaa.