Kinywa Kimoja kwa Kila Mnyama

Nimekaa, nanyi mmekaa?
Tumekaa.
Masikio mmekuja nayo?
Tumekuja nayo.
Basi yafungueni.

Hapo zamani, zamani sana, Kuchakulo alikuwa mlangoni kwake akimenya karanga. Kuchakulo ni jamaa yake kindi, mnyama mdogo mwenye mkia wa manyoya. Alikuwa na watoto watano. Mtama wake uliliwa na viwavi shambani, zikabaki karanga tu. Na mtoto akila karanga asubuhi, mchana na jioni, tumbo humsumbua.

Akiwa anamenya, Kwale akaja mbio.

"Hodi hapa."

"Karibu. Usikanyage karanga."

"Shoga, acha kumenya usikie. Tembo ameondoa ushuru kivukoni. Zamani ukivuka bonde na mzigo, uliacha nusu. Sasa unapita bure. Wanaliita soko huria. Na upande wa pili mtama umejaa."

"Tembo anapata nini?"

"Kuna sheria moja ndogo. Kila muuzaji aonjeshe bidhaa yake kabla ya kuuza. Kinywa kimoja kwa kila mnyama, sawa kwa wote."

Kuchakulo hakuona ubaya. Nani hununua karanga bila kuonja? Baraza lilipoitwa, mkataba ukasomwa. Akainua mkono kama wengine, akapiga makofi kama wengine.

Siku ya soko ya kwanza, akajitwika kikapu, akavuka bonde. Tembo akaja.

"Habari za biashara, mama?"

"Nzuri, mzee."

"Naonja."

Akashusha mkonga, akatia kinywani. Kinywa kimoja. Kikapu kikabaki na maganda.

"Hazijakauka vizuri," akasema, akaenda zake.

Tembo naye alikuwa na meza yake, anauza sukari guru, mabonge kwa mabonge. Kuchakulo akaenda kuonja haki yake. Akauma kinywa kimoja. Alama ya meno haikuonekana.

Nyumbani watoto wakauliza, "Mama, mtama uko wapi?"

"Umebaki sokoni."

Akaenda barazani kushtaki. Wanyama wote wakakubali sheria ibadilishwe. Tembo akasema hapana.

"Basi imeshindikana," akasema Nguchiro, karani wa baraza. "Tembo ana kura ya turufu. Akikataa yeye, hata wengine wote wakikubali, ni bure."

"Tulimpa lini?"

"Siku ile ile ya mkataba. Ilikuwa mwishoni, mlikuwa mnapiga makofi."

Siku ya soko ya pili, Kuchakulo akafunika kikapu. Tembo alipokuja kuonja, akamwambia, "Leo sionjeshi."

"Mama amevunja mkataba," akasema Tembo. Akamwekea vikwazo hapo hapo: siku hiyo nzima asiuziwe kitu, asinunuliwe kitu, na mzigo wake ushikwe. Kuchakulo akarudi na kitambaa cha kufunikia tu.

Sasa kikabaki kikapu cha mwisho, kile cha mbegu. Kikiliwa hicho, mtama hapati na karanga za kupanda hana. Akakaa mlangoni akamenya. Sisimizi wakaja kuokota chenga. Akanyanyua mkono awafagie, akauacha hewani.

"Bibi Sisimizi, mko wangapi huko shimoni?"

"Hatujui. Tukianza kuhesabu, wengine wanazaliwa."

"Na kwenye mkataba mlikuwepo?"

"Tuliinua mikono yote. Hakuna aliyetuona. Lakini Nguchiro alitaja kila kiumbe cha bondeni, nasi tumo."

"Sukari guru mnaipenda?"

Bibi Sisimizi akaitua chenga yake chini. "Shoga, soko ni lini?"

Siku ya soko ya tatu, Tembo akaja kwenye kikapu cha mbegu. "Naonja."

"Karibu, mzee. Ila wewe mwenyewe una wateja, wanakungoja."

Tembo akageuka. Foleni nyeusi ilitoka mezani kwake, ikashuka bondeni, mwisho wake hauonekani. Sisimizi wa kwanza akauma, akaondoka. Wa pili akauma, akaondoka. Wa tatu akauma, akaondoka. Wakaendelea hivyo. Bonge la kwanza likaisha, la pili likaisha.

Tembo akamwita Nguchiro. "Hawa wanavunja mkataba."

"Kila mmoja anaonja kinywa kimoja, mzee. Sijaona aliyerudia."

"Utamjuaje aliyerudia?"

"Ndiyo shida yenyewe."

Kufika adhuhuri meza ilibaki na bonge moja, na foleni bado iko bondeni. Tembo akamtazama Kuchakulo.

"Haya, mama. Unataka nini?"

"Kipimo. Kionjo kiwe punje moja kwa kila nyumba, mwenye kinywa kikubwa na mwenye kidogo. Na hiyo kura ya turufu uiweke chini."

"Kipimo nimekubali. Hiyo kura tutaizungumza baadaye."

Hadi leo wanaizungumza. Lakini kipimo kiliandikwa siku hiyo hiyo. Bibi Sisimizi alinung'unika, maana nyumba yake sasa ilipata punje moja tu. Hakunung'unika sana, alikuwa ameshiba.

Tembo akaonja karanga moja. Kuchakulo akabadilisha nusu ya kikapu kwa mtama, nusu akairudisha iwe mbegu. Jioni akasonga ugali wa mtama, akapakua, akawahesabu watoto: mmoja, wawili, watatu, wanne, na wa tano anayechelewa kunawa. Wote wapo. Akaanza kuwahesabu sisimizi waliokaa ukingoni mwa sinia, akaacha.

Funzo ni hili: ukiambiwa sheria ni sawa kwa wote, tazama kwanza vinywa. Na usipige makofi kabla mkataba haujasomwa mpaka mwisho. Mdogo akienda peke yake atashikiwa mzigo, waende wengi.

Hadithi yangu nimeifunika kama chungu. Aliyebaki na njaa ya maneno, aoshe vyombo.