Fisi na Kamba ya Habari za Watu

Hodi, hodi, wasikilizaji!

Hodi ya nani?

Ya hadithi!

Imekuja na nani?

Imekuja na mdogo wake, uongo, kambeba mgongoni.

Waingie wote wawili, ila wafute miguu!

Haya, wamefuta, wameingia, wamekaa.

Hapo kale, mawe yalipokuwa bado yana joto la kuumbwa, palikuwa na mwamba mkubwa. Katika mwamba palikuwa na ufa, na katika ufa aliishi Bi Pimbi na mwanawe. Pimbi mnamjua? Mnyama mdogo, mviringo kama mkate wa kumimina, hana pembe za kutishia wala mkia wa kujivunia. Kitu kikubwa alichonacho ni kimoja tu, sauti. Pimbi akipiga kelele mwambani, mgeni huuliza, "Huyo ni tembo gani?"

Mwanawe alikuwa mmoja tu. Huko nje watu walimwita Mtoto wa Pimbi, basi. Lakini ndani ya ufa mama yake alimwita Tonge, kwa kuwa alizaliwa mdogo kama tonge la mtoto. Jina hilo walilijua wawili, mama na Tonge mwenyewe.

Kila asubuhi, jua likigusa mwamba, Bi Pimbi alitoka kutafuta majani. Tonge alisukuma jiwe kwa ndani, grrr, mlango ukafungwa. Umande ukikauka, mama alirudi. Akagonga mara tatu, akanyamaza, akagonga mara moja. Ko ko ko. Ko.

"Nani?"

"Mama yake Tonge."

Grrr, mlango ukafunguka. Ukigonga vibaya, haufunguki. Ukikosea jina, haufunguki.

Sasa, chini ya mwamba huo alipita Bwana Fisi. Bwana Fisi ana nguvu, na tumbo lake halijui neno "inatosha." Alisikia harufu ya Tonge, akalisukuma lile jiwe kwa bega, hmmm! Jiwe kimya. Akalisukuma kwa kichwa, hmmm! Jiwe kimya. Akakaa chini, akajipapasa utosi.

"Mlango huu hautaki nguvu," akasema. "Unataka habari."

Akasokota kamba ya ukindu, akaivaa shingoni, kwa sababu Fisi ni msahaulifu. Kila habari atakayopata ataifungia fundo. Kisha akaenda kusalimia watu, Swala na wengine wengi, kila mmoja na fundo lake, lakini habari za mlango wa Pimbi alizipata kwa watatu.

Katika msitu ule, kama kwetu hapa, mtu akikusalimu huwezi kumwacha hewani. Akikuuliza habari unasema nzuri. Akikuuliza tena unasema nzuri. Mara ya tatu unaona haya, usije ukaonekana una kiburi, basi unaongeza kijineno. Fisi alikuwa anakisubiri hicho kijineno.

Akamkuta Kanga anachakura.

"Habari za asubuhi, Bi Kanga?"

"Nzuri."

"Za nyumbani?"

"Nzuri."

"Za majirani?"

"Nzuri, baba. Jirani yangu Pimbi ndiyo kwanza ametoka. Huyo jua likigusa mwamba tu, yuko njiani, harudi mpaka umande ukauke."

"Mungu ambariki," akasema Fisi. Nyuu, akakaza fundo la kwanza la mlango.

Akamkuta Mzee Kobe, ambaye nyumba yake iko chini kabisa ya mwamba.

"Habari za leo, mzee?"

"Nzuri."

"Za afya?"

"Nzuri."

"Za usingizi?"

"Nzuri, mjukuu wangu, ila asubuhi sipati kulala. Pimbi huko juu akirudi anagonga ko ko ko, halafu ko. Hiyo ko ya mwisho ndiyo inayoniamsha."

"Pole sana," akasema Fisi. Nyuu, akakaza fundo la pili.

Akamkuta Bi Pimbi mwenyewe, amekaa juu ya jiwe refu ambalo Fisi hawezi kulipanda.

"Habari za kutwa, jirani?"

"Nzuri."

"Za nyumbani?"

"Nzuri."

"Za mtoto?"

"Nzuri, ndugu yangu. Tonge ana kikohozi kidogo tu."

"Maskini, Tonge!" akasema Fisi. "Jina tamu hilo." Nyuu, fundo la tatu.

Bi Pimbi alimwona akifunga. Akawaza, masikini, anafunga fundo ili akumbuke kuniletea dawa. Ndivyo alivyokuwa Bi Pimbi. Akiona mkono unatikisika, alidhani unampungia.

Fisi akageuka kwenda zake.

"Ngoja kwanza!" Bi Pimbi akamwita. "Mbona umeniuliza ya kwangu halafu unaondoka? Na wewe, habari za kwako?"

Fisi akasimama. "Za kwangu?"

"Ndiyo, za kwako. Mama hajambo?"

Fisi akakaa chini, pu! Kutwa nzima alibeba habari za watu shingoni, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza za kwake.

"Mama yuko ng'ambo ya mto," akasema polepole. "Ni mkubwa kuliko mimi mara mbili. Masika matatu sijakwenda kumwona."

"Kwa nini, ndugu yangu?"

"Naona haya kwenda mikono mitupu. Na kila nikipata cha kumpelekea, nakila njiani."

Bi Pimbi hakucheka. "Alikuwa anakuitaje ulipokuwa mdogo?"

Fisi akatazama kushoto, akatazama kulia. "Usimwambie mtu. Aliniita Kifupa. Nilikuwa nalala na kifupa mdomoni. Akiita Kifupa, lazima niitike papo hapo, tena kinywa wazi. Mama hapendi kabisa kuitikiwa na mtu anayetafuna. Mimi mtu mzima, Bi Pimbi, nina ndevu hizi, lakini hata leo nikiota ananiita, naamka nimeshasema naam."

"Nenda ukamwone," akasema Bi Pimbi. "Mzazi hatazami mikono."

Fisi akafuta macho, akaenda zake anavuta kamasi. Alikuwa na huzuni ya kweli, wanangu. Lakini tumbo ni tumbo, na mafundo ya mlango yalikuwa yametimia matatu.

Kesho yake jua likagusa mwamba, Bi Pimbi akatoka. Fisi akatoka kichakani, kwata, kwata, kwata. Akanyoosha ukucha. Ko ko ko. Ko.

"Nani?"

Fisi akabana koo. "Mama yake Tonge."

Grrr, jiwe likasogea. Na hapo, lahaula! Fisi akaingiza mdomo, akamnyakua Tonge kwa ngozi ya shingo. Akataka kumeza, halafu akakumbuka.

"Leo fili njiani," akasema mdomo umejaa. "Huyu wa mama."

Akaanza kushuka mwamba, amemshika Tonge kwa meno bila kumuuma, mate yanamtoka ndo, ndo, ndo.

Wakati huo Bi Pimbi alikuwa majanini. Akamwona Mzee Kobe anakuja, anahema kama mivukuto ya mhunzi.

"Shikamoo, babu! Umetoka mbali, kulikoni?"

"Marahaba, mwanangu. Nimeondoka tangu jana. Jana Fisi alinisalimu, nikamwambia unavyogonga mlango. Akafunga fundo. Nikajiuliza, fundo la nini? Nawaza polepole mimi, mwanangu, lakini nilipomaliza kuwaza nikaanza safari hapo hapo. Nisamehe."

Majani yakamdondoka Bi Pimbi. Kugonga alipewa na Kobe. Jina je? Jina amempa yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, kwa adabu zake.

"Nimekusamehe, babu," akasema, tayari anakimbia. Papapapapa!

Akafika juu ya mwamba, akachungulia. Mlango wazi. Na kule chini njiani, Fisi na Tonge mdomoni, miguu minne midogo inaning'inia. Bi Pimbi akatazama kucha zake. Kucha za kuchimbia majani. Akatazama meno yake. Meno ya kukatia majani. Atamfanya nini Fisi?

Ndipo akakumbuka kitu alichopewa na Fisi mwenyewe.

Karibu na hapo palikuwa na pango, lile linalorudisha sauti. Bi Pimbi akajitupa ndani, akavuta pumzi mpaka mbavu zikalia, akaita:

"KIFUPAAA!"

Pango likaita, paaa! Bonde likaita, paaa!

Fisi akasimama. Mkia ukaingia katikati ya miguu.

"KIFUPAAA! Naita mimi mama yako, mbona huitiki? Unatafuna nini?"

Fisi mwenye nguvu, Fisi mwenye ndevu, akasahau tumbo, akasahau kamba. Akafungua kinywa chote, mpaka magego yakaonekana:

"NAAAM, MAMA!"

Tonge akaanguka nyasini, pwa! Akainuka, akateleza ndani ya ufa wa mwamba kama mbegu inavyoteleza vidoleni.

"Sitafuni, mama! Nakuja, mama!" Fisi akatimua mbio kuelekea mtoni. Kamba ikanasa kwenye mwiba, ikakatika, hakugeuka hata kuitazama.

Bi Pimbi akamkuta Tonge kwenye kona, anatetemeka, shingo imelowa mate.

"Mama, aligonga vizuri," Tonge akalia. "Na jina alilijua."

"Najua, mwanangu. Hukukosea wewe. Ni sisi wakubwa tuliosema." Akampangusa mate mpaka manyoya yakakauka.

Jioni Kanga akaja mbio, habari zimemjaa kama mahindi.

"Shoga, kafika kwa mama yake! Mama kamwuliza, nani kakuita? Mimi sijakuita. Na mate hayo ya nini? Akasema kila kitu. Akapigwa kofi, paa! Halafu akapakuliwa supu. Yuko huko, anakunywa analia." Akaiona kamba ambayo mwenzake ameiokota mwibani, macho yakamtoka. "Hee! Si ndiyo hiyo? Ina mafundo ya wengi hiyo, siyo yetu tu! Fundo lile kubwa bila shaka ni la Swala. Hebu tumtafute mtu wa kuyasoma."

"Na lako tusome?" akauliza Bi Pimbi.

Kanga akachakura kidogo pasipo na kitu. "Langu, shoga, ndilo lililotoa saa zako. Nilikuwa nazungumza tu."

"Najua. Na mimi nilikuwa nazungumza tu."

Bi Pimbi akakaa, akaanza kufungua. Akafungua fundo la Kanga, la Kobe, la Swala, akafungua yote pasipo kuuliza lipi ni la nani, mpaka ukindu ukawa ukindu tena. Akafungia mzigo wa majani.

Kisha akabadilisha namna ya kugonga, akabadilisha na jina. Akashuka kumwomba radhi Mzee Kobe kwa kelele za asubuhi. "Babu, siku hizi nagonga..."

"Usiniambie!" Kobe akaingiza kichwa ndani ya gamba, chap. Sauti ikatoka humo ndani, "Nikijua, nitaulizwa. Nikiulizwa, nitaona haya. Niache nishtuke tu, mwanangu, nimeshazoea."

Na kusalimiana hawakuacha. Habari za nyumbani? Nzuri. Za mtoto? Nzuri. Mara ya tatu? Nzuri. Mtu akatabasamu, akafunga mdomo, na hakuna aliyemwona mwenzake ana kiburi.

Sasa fundisho, wanangu, mlishike vizuri. Hadithi hii inatufundisha kwamba adabu inaponza. Bwana Fisi angekuwa mtoto mbaya, asiyeitika akiitwa, leo angekuwa ameshiba. Kwa hiyo mama akikuita, nyamaza kimya, endelea kutafuna. Naona watoto wa nyumba hii fundisho mlilijua zamani, maana nimewaita mkaoshe vyombo kabla hadithi haijapiga hodi, na mpaka sasa sijasikia naam wala abee.

Haya, hadithi imeaga!

Inakwenda wapi?

Inakwenda kwao.

Kwao ni wapi?

Kwao ni kuzuri tu, ahsanteni.