Chungu cha Tatu cha Bi Echati

Kabla sijaanza, niseme la kwangu, maana Mungu analijua na si vizuri ninyi msilijue. Nilipokuwa mdogo nilitumwa kwa jirani yetu, Bi Zaituni, nimpelekee sahani ya futari iliyofunikwa kawa. Njiani niliinua kawa nikala sambusa mbili. Nilipofika nikasema, "Mama anasema umwie radhi, leo ni kidogo." Naye akajibu, "Mungu amzidishie." Amekufa sijamwambia. Ndiyo maana nikiisimulia hadithi hii huwa siwatazami watu usoni.

Hapo zamani palikuwa na visiwa vinne vilivyotapikwa na mlima wa moto katikati ya bahari. Huko hata kipupwe kikija, ardhi ina uvuguvugu kama kitanda alichotoka mtu sasa hivi. Watu hawapiki kwa kuni. Asubuhi huzika chungu kwenye majivu ya mlima, adhuhuri hukifukua, chakula kimeiva.

Katika kisiwa cha nne aliishi mjane, Bi Echati. Desturi ya huko, mjane anayetaka mume huzika chungu kilichofungwa utepe mwekundu. Mwanamume atakayekifukua na kula kilichomo, amekubali ndoa. Lakini ni mara tatu tu maishani. Cha tatu kikipotea bure, basi, ni yeye na paka wake.

Bi Echati alikuwa na ulimi. Wanaume wa kisiwani waliujua utepe wake, wakawa wanapita mbali nao kama wanavyompisha nyoka. Chungu cha kwanza kilikaa siku tatu kikachacha. Cha pili vilevile. Mwaka ule akachinja jogoo, akakaanga bizari taratibu, akazika cha tatu, akarudi nyumbani kuomba. Aliomba kwa ufupi, maana aliona haya kumrudia Mungu na jambo lilelile.

Sasa, kipupwe hichohicho ndugu watatu walikuwa wameikimbia baridi ya kwao milimani: Kingazi mkubwa wao, Hoza wa kati, na Mahanyu kitindamimba. Walivuka kisiwa hadi kisiwa kwa mashua za watu, wakijiita wageni wa Mungu. Kisiwa cha kwanza walikaa mpaka unga ukaisha. Cha pili walikaa mpaka mwenyeji akahama. Cha tatu walisomewa dua ya safari kabla hawajavua viatu. Ndipo wakafika cha nne, wakapanda mlimani kutafuta joto.

Kingazi akanusa. "Hapa chini pana kuku."

"Kuku wa nani?" akauliza Hoza.

"Umeona jina la mtu? Ardhi ya huku inapika yenyewe. Hii ni riziki, mdogo wangu. Chimba."

Hoza akachimba kwa mikono, vidole vikaungua. Kingazi alikuwa amefunga Jumatatu, hakula. Alipiga bismillahi tu, akaweka paja moja kwenye leso kwa ajili ya futari. Hoza akabaki kupuliza vidole, na alipomaliza kupuliza, Mahanyu alikuwa amemaliza chungu. Kifungo cha suruali kilikuwa kimekatika kwa shibe, naye akaifungia suruali ule utepe.

Adhuhuri Bi Echati akaja, kadhi na majirani nyuma yake. Akaona shimo. Akaona chungu kitupu. Moyo ukamruka, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Kisha akaona ndevu tatu.

"Asalaam aleikum," akasema. "Yupi kati yenu mume wangu?"

Kadhi akawaeleza desturi. Wakatazamana.

"Mimi nilinusa tu," akasema Kingazi. "Pua haioi. Tena nimefunga."

"Mimi nilichimba tu," akasema Hoza. "Hata tonge sikupata. Tazameni vidole."

"Mimi nilikula tu," akasema Mahanyu. "Nilikuta kimeshafunuliwa. Mdogo anakula anachopewa na kaka zake."

Bi Echati aliona uso ukimwaka. Miaka yote alikuwa akikataliwa kwa mbali. Leo anakataliwa ana kwa ana, na watu wanaonuka bizari yake.

"Haya," akasema kadhi. "Kama hapana mume, basi pana wezi. Mashua iko pwani, itawarudisha kwenu kwenye baridi kabla ya alasiri. Angekuwapo mume, yeye angebaki katika nyumba ya Bi Echati, ambayo sakafu yake ina joto mwaka mzima."

Hapo ndugu wakakumbuka vizuri zaidi.

"Aliyenusa ndiye aliyekipata," akasema Kingazi. "Bila mimi hawa wangekikanyaga wakapita. Na kwa harufu ile tu nilijua aliyepika ni mwanamke mpole."

"Mpole?" akasema jirani mmoja. "Pua hiyo ina mafua."

"Aliyechimba ndiye aliyeumia," akasema Hoza. "Nililamba vidole kwa maumivu, nikaonja mchuzi. Chumvi imezidi kidogo. Aliyepika alitia mara mbili, alikuwa na wasiwasi."

Bi Echati akainamisha kichwa, maana ni kweli alitia mara mbili.

"Aliyekula ndiye aliyekubali," akasema Mahanyu. "Nimekula mpaka ukoko, na ukoko umeungua, wala sikulalamika. Mama, unataka mume gani zaidi ya huyo?"

"Sasa hivi hamkunitaka," akasema Bi Echati. "Mimi sikuzika chungu nipate wapangaji. Mnanitaka mimi au sakafu yangu?"

"Wewe," wakajibu kwa pamoja. Na wakati huo wote watatu walikwisha vua viatu, nyayo zinaota joto la ardhi.

Kadhi akasema, "Chungu kimoja, mume mmoja. Mfunge utepe mkononi umtakaye. Au uuviringishe urudi nao nyumbani, na hiki kilikuwa cha mwisho. Desturi siwezi kuigeuza."

Bi Echati akanyoosha mkono. Mahanyu akaufungua utepe, huku ameishikilia suruali kwa mkono wa pili, akampa. Yule mama akaitazama pua. Akavitazama vidole. Akalitazama tumbo. Huko pwani mwenye mashua akapuliza baragumu.

Je, nani alistahili utepe ule? Aliyenusa, aliyechimba, aliyekula, au hakuna?

Nijibuni. Na mkishajibu, nawaomba mmsomee Bi Zaituni Fatiha moja.